Foleni ya Mtandao wa Mgogoni

Jumanne, 1 Oktoba 2024

Bismillahi. Daftari hili nimepewa na kamati ya kijiji niandike habari za mtandao: umewaka lini, umezimika lini, nani kalalamika. Lina kurasa tisini na sita. Nimewaambia hazitatosha, maana mie nikishika jambo silifanyi nusu.

Mie ni Hija Faki, miaka sabini na nne, na nyumba yangu ndiyo iliyo juu kuliko zote hapa Mgogoni. Kuandika nimejifunzia kisomo cha watu wazima, miezi mitano tu, na mwalimu alisema hajapata kuona mtu mzima anayekamata herufi kama mie. Wenzangu wa darasa lile mpaka leo wanatia dole gumba.

Vijana wetu walioko nje wamechanga wakanunua dishi na kisanduku chake. Fundi Haitham kalileta jana kutoka Tibirinzi. Alizunguka kijiji kizima na simu mkononi akitafuta pa kuliweka. Nilimwacha azunguke. Mwisho akarudi kwangu anatoka jasho.

"Mzee, hapa ndipo."

"Ningekwambia tangu asubuhi, lakini hukuniuliza."

Jumatano, 2 Oktoba

Umewaka saa nne asubuhi. Haujazimika.

Ijumaa, 4 Oktoba

Baada ya sala msikiti mzima ulihamia barazani kwangu. Kila mtu na simu yake. Neno la siri nimewapa mwenyewe, mmoja mmoja, kwa sikio, ingawa Haitham alisema si siri tena likijuliwa na kijiji. Hata Himid seremala alikuja. Mie na Himid hatujakubaliana jambo tangu tukiwa watoto wa chuo cha Kurani.

"We Hija," kasema kwa sauti wasikie wote, "leo una wageni. Basi toa kahawa, wasije wakadhani wamefuata waifai peke yake."

Nikatoa kahawa. Na haluwa. Akala kuliko wote.

Jumapili, 6 Oktoba

Bi Rumaitha amekuja kuwekewa mtandao kwenye simu. Nyumba yake iko chini ya yangu, ng'ambo ya njia. Babu yake ndiye aliyekuwa na mashamba yote haya, na baba yangu alikuwa mchumaji wake. Leo yeye ana mikarafuu minane na mie ishirini na mmoja. Sisemi kwa kumcheka. Nasema kwa kuwa ndivyo ilivyo.

Aliketi na mke wangu Mwanapili, akatueleza shida yake. Dada yake Nihal yuko Maskati, mgonjwa, hainuki kitandani. Miaka kumi na moja hawakusemeshana kwa sababu ya nyumba ya baba yao ya Wete. Bi Rumaitha anakiri mwenyewe kwamba maneno mabaya yalitoka kwake. Sasa anataka radhi kabla mmoja wao hajafunikwa mchanga. Mpwa wake Maher anarudi kutoka kazini jioni na kumshikia mama yake simu, na kwa saa zetu huku inakuwa kama saa kumi na nusu.

"Umeshamwomba?" Mwanapili kamuuliza.

"Bado, mwenzangu. Miaka kumi na moja haiondoki kwa simu moja. Kwanza tuzoeane nyuso. Siku nikiuona uso wake umetulia, hapo ntamwomba."

Nikamwambia asiwe na wasiwasi, mtandao wa Hija hauna mchezo.

Jumatano, 9 Oktoba

Karafuu zimeanza kuchumwa. Jioni watu wako barazani wanazichambua kutoka vikonyo na simu zimewashwa, mtandao ukawa mzito kama uji. Nimempigia Haitham. Akanifundisha kwa simu: katika simu yangu kuna ukurasa unaonesha majina ya simu zote zilizoingia. Naweza kumweka mtu juu apate kwanza, naweza kumweka chini, naweza kumzuia kabisa. Nimelielewa kwa mara moja.

"Lakini mie nimewaweka sawa wote, Mzee. Usiguse bila haja."

"Mie nimegusa mangapi katika maisha yangu, we Haitham?"

Jumapili, 13 Oktoba

Leo ni siku ya kuandikwa vizuri.

Amekuja Hamdan pamoja na Sheha, kiongozi wa serikali hapa kwetu. Hamdan msimu huu kakodi mashamba saba, ana wachumaji arubaini, na sakafu yake ya kuanikia iko hatua mia kutoka kwangu. Wenzake wa Unguja waliotia mtaji wanataka kila jioni kuonana naye kwa vidio, wazione karafuu zao sakafuni kwa macho yao. Mtandao ukiwa mzito vidio inaganda, nao wanaingiwa na shaka.

Akasema hivi: yeye atalipia mtandao wa kijiji kizima mpaka msimu uishe, watu wasichange. Anachotaka ni kimoja. Toka alasiri mpaka magharibi simu zake ziwe juu, kinachobaki wagawane wengine.

"Hakuna atakayefungiwa," kasema. "Ni foleni tu, Mzee wangu. Na foleni lazima iwe na mtu wa kuipanga, mtu mwenye neno lake."

Nikafikiri kidogo, wasidhani nimekubali upesi. Kwenye kituo cha karafuu, mwenye magunia thelathini hatangulizwi mizanini, na mwenye kikapu akangoja? Nimeliona hilo miaka yote na hakuna aliyekufa. Nikampa mkono mbele ya Sheha. Neno langu likitoka halirudi, Pemba nzima wanajua.

Hamdan kaniita Mzee wa Mtandao. Jina limeenea kabla ya magharibi.

Jumatatu, 14 Oktoba

Nimemweka Hamdan juu. Simu tatu. Kazi ya dakika mbili. Mtu wa kwanza chini yake nimejiweka mie.

Ijumaa, 18 Oktoba

Himid kanikamata kisimani, pale msikitini, tunatawadha.

"Nasikia umeuza foleni."

"Sikuuza. Nimeipanga. Mwenye kazi kubwa atangulie."

"Hapa kisimani aliyekuja na pipa anamtangulia aliyekuja na kopo?"

"Kisima ni kisima, Himid. Yale ni mambo ya kompyuta, huyajui."

"Mie siyajui, kweli. Ila kiu naijua."

Amezoea kusema namna hiyo ili watu wamwone ana hekima. Seremala ambaye mlango wake mwenyewe haufungi.

Jumamosi, 19 Oktoba

Mvua asubuhi. Jua mchana.

Jumanne, 22 Oktoba

Bi Rumaitha amelalamika. Anasema tangu wiki iliyopita picha inakatika. Anaona nusu ya uso wa dada yake, kisha miraba miraba, kisha giza. Nikamwambia apige simu ya sauti, haili mtandao.

"Sauti?" akasema.

"Ndiyo. Sauti si inatosha? Sisi tulipokuwa vijana tulikuwa na barua, tena inakaa mwezi."

Alinitazama kama anataka kusema kitu. Kisha akasema "Haya, kaka Hija," akashuka zake. Nimeandika hapa kuwa kalalamika mtu mmoja.

Jumamosi, 26 Oktoba

Tumechambua mpaka vidole vikawa vyeusi. Mwanapili ndiye aliyeanza.

"Baba Muadh, ile simu ya sauti uliyomwambia Bi Rumaitha."

"Imemsaidia?"

"Nihal hasemi. Ana kiharusi. Mdomo umekwenda upande tangu mwezi wa nane. Anajibu kwa mkono. Akiuinua mpaka kifuani ni ndiyo. Akiulaza ni hapana. Asipoonekana, hakuna jibu."

Niliendelea kuchambua. Nikauliza kwa nini Bi Rumaitha hakuniambia mwenyewe siku ile.

"Akwambie nini? Akulilie barazani kwako? Wale si watu wa kulia mbele za watu, unawajua."

Nawajua. Baba yangu alinieleza habari zao tangu nikiwa mdogo, na jambo moja aliloniambia ni kuwa hawaombi mara mbili. Basi nimekaa na jambo hili. Lakini nimempa Hamdan mkono mbele ya Sheha, na msimu umebaki wiki tano au sita tu. Nikibadilisha leo kwa ajili ya Bi Rumaitha, kesho atakuja mwingine na mgonjwa wake, na keshokutwa mwingine, halafu neno la Hija litakuwa kitu gani? Mgonjwa wa kiharusi anaweza kukaa miaka. Shemeji yangu alikaa saba.

Jumatano, 30 Oktoba

Mvua toka adhuhuri. Hamdan kafunika karafuu zake kwa maturubali, hana cha kuwaonesha wa Unguja. Saa kumi na nusu nikasikia kicheko kutoka chini, ng'ambo ya njia. Kicheko cha Bi Rumaitha. Nilikuwa sijakisikia tangu mumewe yuko hai.

Mwanapili karudi kutoka huko akasema picha ilikuwa safi, wameonana nusu saa nzima, na Nihal aliinua mkono wakati Bi Rumaitha alipomuuliza kama anamkumbuka yule punda wao wa Wete.

Hamdan asipotumia, mtandao wote unashuka kwa majirani. Nilikuwa nalijua hilo kichwani, lakini sikuwa nimelisikia kwa sikio.

Alhamisi, 31 Oktoba

Mvua. Karafuu zangu ziko ndani zinaanza kunuka vibaya, na mie nimekaa mlangoni nikijikuta sitaki iishe. Mkulima wa karafuu anayetaka mvua mwezi huu! Sijamwambia mtu.

Jumamosi, 2 Novemba

Jua.

Jumapili, 3 Novemba

Jua kali.

Jumatatu, 4 Novemba

Jua. Karafuu zangu zimekauka vizuri kuliko za mtu yeyote upande huu. Bi Rumaitha kapita njiani, tumesalimiana. Hakusema lolote la mtandao. Nami sikuuliza.

Jumanne, 5 Novemba

Leo nimezungumza na Unguja kwa vidio. Wamenisifu sana. Ntaandika kesho.

Alhamisi, 7 Novemba

Naandika ya juzi na ya jana. Nimekaa na kalamu tangu alasiri, na mara mbili nimelifunga daftari.

Juzi asubuhi, chai sijainywa, Bi Rumaitha alisimama kwenye ngazi.

"Sabalkheri, kaka Hija."

"Sabalkheri. Pita, Bi Rumaitha."

"Sipiti. Maher kanipigia alfajiri. Hospitali wamewarudishia mgonjwa wao nyumbani."

Hakuongeza, na mie sikuhitaji anifafanulie. Mgonjwa anarudishwa nyumbani kwa njia mbili, na sauti yake ilinambia ni ipi.

"Leo ntamwomba ile radhi," akasema. "Nataka saa moja tu, toka saa kumi na nusu. Picha isimame sawasawa niuone mkono wake."

"Ntazungumza na Hamdan."

"Kwani kisanduku kiko kwa Hamdan?"

"Kiko kwangu. Lakini nimempa neno."

"Haya. Zungumza naye basi."

Akaondoka. Baba yangu alisema hawaombi mara mbili, na huyu ameniomba mara ya pili. Nililiona hilo akiwa bado yuko kwenye ngazi.

Simu ilikuwa mfukoni mwa shati langu. Ingetosha nimshushe Hamdan mistari mitatu, nimpandishe Bi Rumaitha. Sikufanya. Sikutaka isemwe kuwa Hija alimpa mtu mkono akauchomoa kwa siri. Nilitaka niende kwa mwenyewe, tuzungumze kiume, anipe ruhusa. Hivyo ndivyo nilivyojiambia.

Baada ya alasiri nikaenda sakafuni kwa Hamdan. Jua lilikuwa linawaka, karafuu zimetandazwa mpaka ukutani, nyekundu kama udongo wa njia. Hamdan alikuwa ameshika simu mbele yake. Aliponiona akapiga kelele.

"Huyo! Mzee wa Mtandao kaja mwenyewe!" Akanigeuzia simu. "Jamani, mlikuwa mnamuuliza. Ndiye huyu."

Niliwaona watu watatu wamekaa ofisini. Picha ilikuwa safi mno. Nyuma yao kulikuwa na feni, nikaweza kuyahesabu mapanga yake yakizunguka polepole. Mmoja mwenye ndevu kasema, "Shikamoo Mzee, tumesikia sifa zako. Hebu tueleze, ulifanyaje?"

Nikawaeleza.

Nilieleza fundi alivyozunguka kijiji kizima na kurudi kwangu. Nikaeleza kisomo, miezi mitano. Nikaeleza mikarafuu ishirini na mmoja, na baba yangu alivyokuwa akipanda mkarafuu mrefu bila ya kamba. Walicheka pale pa kucheka. Nikageuka kidogo wauone upande wa kofia yangu uliotariziwa. Wakauliza tena, nikajibu tena. Hamdan alikuwa anarekodi.

Bi Rumaitha nilimkumbuka mara mbili. Mara ya kwanza nikasema nimalize kisa hiki. Mara ya pili nikatazama jua nikasema bado mapema.

Nilipomaliza, jua lilikuwa limeshuka nyuma ya minazi. Nikamvuta Hamdan pembeni.

"Naomba saa moja kwa ajili ya Bi Rumaitha. Ana mgonjwa."

"Chukua hata mbili, Mzee wangu. Mie ndiyo nimemaliza. Ungesema tu ulipofika, ningekupa tangu mwanzo. Kwani mie sina dada?"

Hilo ndilo aliloniambia.

Nyumbani Mwanapili hakuwepo, alikuwa kwa Bi Rumaitha. Alirudi baada ya magharibi, akanipakulia. Nikamuuliza vipi huko. Akasema amechoka. Kwa hivyo usiku ule niliandika ule mstari wa juu, kuwa nimesifiwa.

Jana alfajiri habari ikaja. Nihal kafariki. Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun.

Hapo ndipo Mwanapili aliponieleza. Saa kumi na nusu waliketi wawili. Picha ikaja, ikakata, ikaja. Bi Rumaitha akasema yake yote, ya Wete, ya nyumba, ya yale maneno. Akasema, "Nihal, mdogo wangu, nakuomba radhi. Umeniwia radhi?" Picha ikasimama. Akarudia. Akarudia tena.

"Mkono wa Nihal ulikuwa umefika hapa," Mwanapili kanionesha, baina ya goti na kifua. "Ukagandia hapo. Hatujui ulikuwa unapanda au unashuka. Robo saa tunautazama mkono mmoja haupandi wala haushuki."

"Na Maher? Maher si alikuwepo?"

"Maher alikuwa anahangaika na simu. Anaitikisa, anaita 'hallo, hallo'. Anasema hakumtazama mama yake. Picha iliporudi, Nihal keshafumba macho. Hakuyafumbua tena."

Nikasema pengine ulikuwa unapanda.

"Pengine," akasema. Kisha akasema, bila ya kunitazama: "Na weye umependeza kwenye vidio yako. Hamdan kaisambaza, imefika kwenye simu za wanawake wote. Hata Bi Rumaitha kaipata. Inacheza bila ya kukata."

Wiki hizi tatu nilikuwa nikijiambia kuwa mtandao ni kama hivyo, una uzito wake, una wakati wake, kama mvua. Si kweli. Mtandao haukuwa unajua nani ni Hamdan na nani ni Rumaitha. Ulikuwa unawapitisha wote sawa mpaka mie nilipouambia.

Ijumaa, 8 Novemba

Khitma ya Nihal, nyumbani kwa Bi Rumaitha. Nilikaa mwisho wa jamvi karibu na viatu. Himid alisogea akanipa nafasi, akanipa na juzuu, hakusema neno. Ningependa angesema.

Jumamosi, 9 Novemba

Nimemshusha Hamdan. Nimejishusha na mie. Kisha nikaona nitakosea, nikampigia Haitham anirudishie kama alivyoacha yeye mwanzo. Nikamweleza sababu.

"Mzee, usijione peke yako," akasema. "Hata makampuni makubwa ndivyo wanavyotaka. Kuna bando wanakupa bure, lakini linafungua wanavyotaka wao tu. Ukitaka pengine, unaambiwa uongeze salio. Kuna nchi watu wamekwenda mahakamani kwa jambo hili. Mwenye kulipa zaidi apewe njia pana, au njia iwe ya wote."

"Wale wa makampuni, Haitham, wao hawamjui Bi Rumaitha. Mie namjua. Nilikuwa naisikia sauti yake kutoka barazani kwangu."

Leo simu zote ziko sawa tena.

Jumapili, 10 Novemba

Hamdan amekuja na Sheha yule yule. Mkutano ukawa hapo hapo barazani, watu wengi.

"Mzee, umenivunjia ahadi."

"Nimeivunja."

Nadhani alitegemea nitakataa.

"Mie sikumkatalia mtu. Ungeniomba ningetoa."

"Najua. Lakini kwa nini Bi Rumaitha aombe? Aje kwangu aniombe, na mie nije kwako nikuombe, na weye uwe na moyo mzuri siku hiyo. Na siku usipokuwa nao?"

"Basi mwezi ujao mtalipa wenyewe," akasema. Na ana haki ya kusema hivyo.

Watu wakanigeukia mie. Mmoja akasema nimewatia hasarani kwa ajili ya mtu mmoja, tena ameshakufa. Ikanibidi nisimame niwaeleze ya Jumanne. Nimezungumza mbele za watu mara nyingi katika maisha yangu, kwenye harusi, kwenye mikutano ya chama, na siku zote najua nianze wapi. Leo sikujua. Nikawaambia saa ile Bi Rumaitha anautazama mkono wa ndugu yake, mie nilikuwa nawaonesha watu kofia.

Himid ndiye aliyesema. "Kila nyumba ilete inachoweza. Isiyoweza isizuiwe. Na atakayelipa zaidi, Mungu atamlipa, lakini mtandao usimjue."

"Na kisanduku tukihamishe kutoka kwa Hija?" akauliza Sheha.

"Kibaki kwake. Hamtapata mtu anayekiogopa kama yeye."

Ni mara ya kwanza tunakubaliana.

Ijumaa, 15 Novemba

Nimezunguka nyumba kwa nyumba na daftari hili. Wengine wamenipa, wengine wamenipa na maneno. Miguu inauma.

Jumatatu, 18 Novemba

Nimeshuka kwa Bi Rumaitha. Nilipiga hodi mara tatu ingawa alikuwa ananiona kupitia dirishani. Akanikaribisha, akaniwekea kiti, akaketi upande wa pili na mtandio wake.

Nilikuwa nimeyapanga maneno njiani. Yalikuwa mengi na mazuri. Nilipofika nikasema nimekukosea, nimekuja kuomba radhi.

Kuku wakaingia, akawafukuza, wakarudi.

"Mie jibu langu sijalipata, kaka Hija," akasema. "Na weye la kwako ungoje."

Hakusema kwa hasira. Kisha akaniuliza kama karafuu zangu za mwisho zimekauka.

Jumatano, 27 Novemba

Ananisalimia. Akinikuta njiani anaitikia, anauliza hali ya Mwanapili, anauliza hali ya mwanetu Muadh. Hilo jingine hajalijibu. Zamani ningekwenda kumuuliza mara ya pili na ya tatu. Sasa kila asubuhi naifungua simu, naangalia majina yote yako sawa, naifunga.

Jumatano, 4 Disemba

Mtandao mzito jioni. Wamelalamika watu saba, Hamdan mmoja wao. Nimewaandika wote.

Jumapili, 8 Disemba

Karafuu za mwisho. Bi Rumaitha amepanda kuja kumsaidia Mwanapili kuchambua, mara ya kwanza tangu msiba. Hamdan naye alikuwepo, amekaa ukingoni mwa baraza anazungumza na wale wa Unguja. Saa kumi na nusu simu ya Bi Rumaitha ikalia. Maher. Sasa wanazungumza wenyewe, mara mbili kwa wiki.

Picha ikaja vizuri. Kisha ikakwama kidogo. Hamdan naye akasema "Ah!" maana picha yake ilikwama vile vile. Nami nikaacha karafuu nilizokuwa nazo mkononi. Ikarudi, kwa wote wawili.

Bi Rumaitha akaigeuza simu kwangu.

"Maher, msalimie jirani yangu, Mzee Hija."

Nikamwona. Kijana mtu mzima, ana ndevu, macho ya ukoo ule ule.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Pole sana kwa mama."

"Tumeshapoa, mzee." Kisha akamuuliza mama yake mkubwa: "Khale, huyu ndiye nani?"

Nikangoja. Mwanapili naye akaacha kuchambua. Kama angemwambia yote, ilikuwa haki yake, na mie nisingefungua mdomo.

"Ndiye anayetuangalizia mtandao," Bi Rumaitha kasema.

Akaishia hapo. Siku nyingine pale pale ningeongeza habari ya dishi na fundi na nyumba iliyo juu. Nikamrudishia simu yake kwa mikono miwili, akaendelea kuzungumza na mpwa wake, na kwa mkono wake wa pili akasukuma fungu la karafuu kutoka upande wake kulileta upande wangu.

Nilitaka kumuuliza kama hilo ndilo jibu. Sikumuuliza. Nikalivuta lile fungu, nikachambua.